Bunda la Kangeta: Utangulizi wa Kuitazama Siasa na Utamaduni kwa Jicho la Kijamaa

Ukisimama jioni kwenye kibanda cha miraa Nairobi, Garissa au Mombasa, utamsikia mteja akiagiza kangeta. Muuzaji hasiti. Anajua kwamba kangeta ni aina moja, giza ni nyingine, alele ni nyingine, na kila moja ina bei yake na wapenzi wake. Mteja analipa, anaongeza njugu na ubani wa kutafuna, anakwenda zake. Huenda asijue maisha yake yote kwamba Kangeta ni mahali: mji ulioko kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, kando ya milima ya Nyambene, wenye soko, makanisa, gereza, na watu ambao mikono yao ndiyo iliyolichuma fungu analolitafuna. Jina la mji limegeuka jina la kitu, na wenye mji hawatajwi tena kwenye mazungumzo.

Ndugu msomaji, nakukaribisha kwenye taaluma hii kwa mlango huo mdogo, kwa sababu karibu kila nitakachokueleza kimo ndani ya fungu lile. Taaluma yenyewe ni kuitazama siasa na utamaduni kwa jicho la kijamaa. Ili uingie huhitaji kadi ya chama, wala huhitaji kuwa umesoma vitabu vinene. Unahitaji mazoea ya kuuliza, kila unapokutana na jambo, liwe bei ya mkate, wimbo wa redioni au hotuba ya kampeni: nani alifanya kazi hapa? Nani anamiliki vitu vilivyotumika? Nani anaamua matunda yaende wapi? Maswali haya ni mepesi kuyatamka. Nimeyafundisha kwa miaka mingi, na bado kila nikiyapeleka mahali papya yananionyesha jambo ambalo sikulitarajia.

Tuanze na kazi, kwa kuwa kazi ndiyo mwanzo wa yote.

Alfajiri ya Kangeta ni ya baridi, na ukungu huteremka kutoka Nyambene hadi katikati ya mashamba. Wachumaji huingia shambani kabla jua halijakolea. Mti mkongwe wa miraa una shina lililopinda na gome la kijivu, na matawi yake ya juu hayabebi mtu mzito. Ndiyo maana wanaopanda huko mara nyingi ni vijana, na mara nyingi mno ni wavulana ambao saa hiyo wangekuwa darasani. Mchumaji hujishikilia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine hukwanyua vichipukizi kimoja kimoja, akiviacha vile ambavyo havijafikia wakati wake. Akikosea kidole anaharibu mavuno yajayo. Chini, wafungaji wanavipanga vichipukizi kwa urefu na kuvifunga kwa uzi wa mgomba kuwa vishada vidogo viitwavyo surba. Surba kumi zinakuwa bunda, na bunda linavishwa jani la mgomba ili unyevu usitoke. Nimekaa karibu nao nikijaribu kuufuata mwendo wa vidole vyao, na macho yangu yakashindwa.

Haraka hiyo ina sababu. Kiini kinachomchangamsha mtafunaji, kinachoitwa kathinoni, huanza kufifia mara tu kichipukizi kinapokatwa. Zikipita siku mbili hivi, bunda lililokuwa na bei nzuri halina tena mnunuzi. Kwa hiyo pikapu zinakimbia zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi, na ajali zake zinajulikana na kila anayeishi kando ya barabara ile. Mti wenyewe unaweza kuishi vizazi kadhaa. Ile mikongwe kabisa wenyeji huiita mbaine, kwa jina la rika la zamani. Bunda lina maisha ya siku mbili, na siku mbili hizo ndizo zinazoamua mchumaji aamke saa ngapi na dereva alale saa ngapi.

Sasa tupate msamiati wa kwanza. Kitu kilichozalishwa ili kiuzwe huitwa bidhaa. Kila bidhaa ina sura mbili. Ya kwanza ni thamani ya matumizi, yaani kile kinachokufaa: mkate unashibisha, blanketi linatia joto. Ya pili ni thamani ya ubadilishanaji, yaani kiasi cha kitu kingine au fedha unachoweza kupata ukikitoa. Kangeta inazijua sura zote mbili. Miraa inayopelekwa kwa heshima kwenye nyumba ya mchumba, ikawekwa mbele ya wazee ili mazungumzo yaanze, haiulizwi bei. Kazi yake ni kusema kwamba tumekuja kwa nia njema. Miraa ya mti huohuo ikiwekwa ndani ya gunia la Nairobi inaulizwa bei tu. Mti haujabadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wa watu wanaokutana kupitia kwake.

Karl Marx, katika kitabu chake kikuu kilichochapishwa mwaka 1867, aliuzungumzia kwa kirefu ule mwujiza ambao bidhaa inaonekana kama ina nguvu zake yenyewe, huku watu walioizalisha wakitoweka nyuma yake. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita uchawi wa bidhaa. Ukiwa bado huelewi maana yake, mkumbuke yule mteja wa kibanda anayesema "kangeta" bila kuona mtu yeyote.

Hatua ya pili ni umiliki. Vitu vinavyohitajika ili kazi ifanyike, kama ardhi, miti, maji, magari na fedha za kununulia, huitwa njia za uzalishaji. Asiyekuwa navyo hubaki na kitu kimoja cha kuuza: uwezo wake wa kufanya kazi kwa saa kadhaa, ambao tunauita nguvu kazi. Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, mchumaji analipwa shilingi 300 kwa asubuhi moja, na alichokichuma kinauzwa shilingi 3,000. Tutoe gharama za maji, samadi, majani ya mgomba na usafiri, tuseme 700. Mchumaji amepokea 300. Zinabaki 2,000. Fedha hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Zimetokana na kazi iliyofanyika, lakini aliyeifanya hana sauti juu yake. Kiasi hicho kinachobaki baada ya mfanyakazi kulipwa na gharama kufidiwa huitwa thamani ya ziada. Kuichukua bila ridhaa ya kweli ya aliyeizalisha ndiko wakongwe wa Kiswahili walikokuita unyonyaji, neno linalotukumbusha kupe na ng'ombe, na ambalo sijaona lugha nyingine ikiwa na lililo bora kuliko hilo.

Utaniuliza: mbona mwenye mali naye amehatarisha fedha zake? Ni swali la haki, na usikubali mwalimu anayelikwepa. Ni kweli kwamba dalali anaweza kupata hasara gari likichelewa. Lakini angalia nani huumia kwanza. Juni 2014 Uingereza ilipoiweka miraa kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku, na Machi 2020 Somalia ilipoyazuia mabunda kuingia kwa ndege wakati wa korona, mzuio uliodumu hadi Julai 2022, mwenye fedha aliweza kuzihamishia kwenye biashara nyingine. Kijana aliyekuwa na mikono yake tu hakuwa na pa kuihamishia. Tunapozungumzia hatari, tuulize pia ni nani mwenye mlango wa kutokea.

Kutokana na umiliki tunapata tabaka. Neno hili linachanganya, kwa sababu mitaani tunalitumia kumaanisha utajiri: tabaka la juu, la kati, la chini. Katika taaluma hii tabaka ni nafasi ya mtu katika uhusiano wa kazi na mali. Hata hivyo, usiende Kangeta ukitarajia kuwakuta mabepari upande mmoja na wafanyakazi upande wa pili, wamejipanga kama timu mbili uwanjani. Mwenye ekari moja ya miraa anamiliki ardhi, lakini asubuhi anachuma mwenyewe pamoja na wanawe. Akipatwa na ada ya shule au bili ya hospitali, anamkodishia mtu mwenye fedha mavuno ya miti yake kwa msimu au kwa miaka. Kuanzia hapo yeye ni mwenye shamba kwa jina, huku akiangalia magari yakiondoka na mavuno ambayo si yake tena. Mchumaji naye huenda ana kipande chake kidogo upande wa mji wa Laare. Dereva amekopeshwa gari. Mtu mmoja anaweza kuwa mnyonywaji asubuhi na mnyonyaji mchana. Hilo halivunji nadharia. Linakuomba uwe mwangalifu unapoitumia. Mimi huwa namwambia mwanafunzi auchore mnyororo wote kwenye karatasi, kutoka kwenye kichipukizi hadi mdomoni, na kila mahali aandike ni nani anayempangia mwenzake bei. Mishale inayokwenda upande mmoja tu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza.

Kwenye karatasi hiyo wanawake husahaulika. Kwa desturi ya Waigembe, wenyeji wa Kangeta, mwanamke hapandi mti wa miraa wala hauchumi. Basi mgeni akija na daftari lake anaandika kwamba wanawake hawamo katika uzalishaji. Lakini nani aliyepika uji ambao mchumaji aliunywa gizani? Nani aliyeteka maji, aliyelea mtoto, aliyemuuguza aliyeanguka kutoka mtini? Kazi hii ya kuitunza nguvu kazi, ili kesho iamke tena na kwenda kuuzwa, hailipwi, na kwa kuwa hailipwi haihesabiwi. Wanazuoni wanawake wa mrengo wa kijamaa ndio waliotulazimisha wengine tuione. Nakiri kwamba vitabu vya vizazi vilivyotangulia, hata vile ninavyovipenda, vilichelewa mno.

Tukishajua nani anamiliki nini, tunajiuliza ilikuwaje. Mtazamo wa kijamaa huishiwa pumzi pasipo historia. Wakati wa ukoloni, kilimo cha kahawa Kenya kilihodhiwa na walowezi. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliporuhusiwa kuipanda, kwa majaribio na kwa uangalizi mkali. Baadaye kahawa ikasomesha watoto wa eneo lote hili. Kisha Julai 1989 mfumo wa mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo kwa kila nchi ukasimamishwa, na bei ikaporomoka duniani. Wakulima wengi wa Nyambene waliipa kahawa kisogo na kuitegemea miraa zaidi. Hakuna mkulima wa Kangeta aliyeketi kwenye kikao cha London kilichovunja viwango vile. Mfumo huu, ambao maamuzi ya mbali yanapanga maisha ya mzalishaji na faida ikaelekea hukohuko mbali, ndio tunaouita ubeberu, na uliendelea baada ya bendera kubadilishwa.

Nimelitumia neno kijamaa mara kadhaa, na pengine limekutia wasiwasi. Una haki ya kuwa nao, maana neno hili limebebeshwa mengi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Na. 10 wa Bunge, uliosema kwamba nchi itafuata ujamaa wa Kiafrika. Ukiusoma ukurasa kwa ukurasa unakuta mali ya binafsi ikilindwa na fedha za maendeleo zikielekezwa kwenye maeneo ambayo tayari yalikuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha. Kijana mchumi aitwaye Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa mwezi Julai mwaka huohuo katika jarida la Nairobi, akiuliza kwa nini waraka haukujishughulisha vya kutosha na mali iliyokuwa ikirundikana mikononi mwa wachache.

Miezi ya mwanzo ya mwaka huo ni ya kukumbukwa hapa Meru. Baimungi Marete, kiongozi wa Mau Mau wa upande huu wa Mlima Kenya, alikuwa amerudi msituni kwa kuona kwamba waliopigania ardhi hawakuipata. Aliuawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru. Tarehe 24 Februari, Pio Gama Pinto, mbunge na mjamaa, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mwezi Aprili, huko Kandara, Rais Jomo Kenyatta alimwuliza mwanasiasa Bildad Kaggia hadharani amejifanyia nini, ilhali wenzake waliofungwa naye na wakoloni walishapata mashamba na biashara. Kaggia alikuwa ameachia cheo serikalini kwa ajili ya wasio na ardhi, na baadaye aliishi kwa kuendesha kinu cha posho. Kwangu mimi swali lile la Kandara ni mojawapo ya nyakati muhimu kabisa za historia ya fikra nchini Kenya. Kutajirika kulifanywa kipimo cha uadilifu, na kutonufaika kukafanywa aibu. Tutalirudia.

Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma na kuwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha au kupokea mishahara miwili. Nalipenda Azimio hilo na siwezi kulisifu bila kusema lililofuata: katikati ya miaka ya 1970 wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao nyingine zikachomwa, na vyama vya ushirika vilivyojengwa na wakulima wenyewe vikavunjwa mwaka 1976. Issa Shivji, akiwa bado kijana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha jinsi tabaka jipya la watawala lilivyochipuka ndani ya dola yenyewe, likisema kwa jina la wakulima na wafanyakazi. Ukosoaji huo ulitoka kwa mjamaa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ujamaa ulishindwa, msikilize, kisha mwombe mchunguze pamoja: nani aliamua, nani hakuulizwa, nani alinufaika? Ni maswali yaleyale.

Sasa tufike kwenye siasa ya leo. Dola ni serikali, mahakama, polisi, magereza na sheria zikichukuliwa kwa pamoja kama chombo kimoja cha kutawala. Angalia jinsi dola mbalimbali zinavyolitazama jani hilihili. Tanzania inaliita mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria. Kenya ililiingiza kwenye orodha ya mazao rasmi kwa marekebisho ya sheria mwaka 2016. Sheria, basi, haitui kutoka juu ya mti. Hutokana na nguvu zinazovutana katika jamii.

Mfano bora ninaoujua ni wa Mei 2024. Muguka ni binamu wa miraa, hutafunwa majani, na hulimwa kwa wingi Mbeere, katika kaunti ya Embu. Gavana wa Mombasa aliipiga marufuku, wenzake wa Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakisema vijana wao wanaangamia. Rais akatangaza kwamba amri hizo ni batili, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Kwa wiki kadhaa taifa lilibishana kana kwamba Pwani na Mlima ni maadui wa asili. Wa huku walisema wanauawa kiuchumi, wa kule wakasema watoto wao wanauawa akili.

Naomba tukae hapa kidogo. Uchungu wa mama wa Kisauni, Mombasa, anayemwona mwanawe amekaa barazani tangu asubuhi, shavu limejaa, hana kazi wala ndoto, ni wa kweli. Uraibu upo, na msomi anayeukana ili kuilinda biashara anawadanganya watu wake. Hofu ya mkulima wa Mbeere, katika ardhi kavu ambapo mazao mengine hukauka, ni ya kweli pia. Lakini tazama wanavyofanana. Kijana wa Kisauni hana njia ya uzalishaji. Bandari iko mbele ya macho yake na haimwajiri. Kijana wa Mbeere ana kipande cha ardhi na zao moja, na bei hapangi yeye. Wote wawili ni walalahoi wa uchumi mmoja, mmoja anauza muda wake kwa bei ya chini, mwingine muda wake haununuliwi kabisa na anautafuna. Mjadala uliwasimamisha uso kwa uso, na swali la kwa nini kijana wa pwani hana kazi likapotea katika kelele za Pwani na Mlima. Hivi ndivyo ukabila na umajimbo unavyoweza kulifunika tabaka. Sisemi kabila ni kitu cha kubuni. Mtu huzaliwa ndani ya lugha na mila, navyo ni vyake. Nasema kwamba tunapoambiwa tugombane kwa kabila, tuangalie ni uhusiano gani wa mali ambao hautajwi. Vivyo hivyo Kangeta: malalamiko mengi juu ya wanunuzi wa Kisomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, yangekuwa na shabaha bora kama yangelenga ununuzi uliohodhiwa na wachache, na yangemkumbuka mchuuzi wa Kisomali wa mtaani, mara nyingi mwanamke, ambaye naye anahangaika na bunda lililoanza kunyauka.

Kuna neno jingine la siasa zetu la kulichambua: hasla. Mojawapo ya kampeni za urais za 2022 iliwaita watu wa hali ya chini wajione mahasla, na wilbaro ikawa nembo yao. Lilikuwa neno lenye nguvu kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kampeni kubwa iliwataka Wakenya wazungumzie hali zao za maisha kuliko makabila yao. Lakini lilimweka msukuma wilbaro kapu moja na tajiri mwenye mahoteli, mradi tu wote waseme walianzia chini. Tabaka likafanywa kuwa hadithi ya safari ya mtu mmoja. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza kodi hata kwenye mkate, vijana waliingia barabarani kote nchini wakisema hawana kabila wala kiongozi, na tarehe 25 wakaingia bungeni. Wengine waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini mswada ule. Mwanafunzi wa taaluma hii ana kazi kubwa ya kuzielewa siku hizo, na bado hatujazielewa vya kutosha.

Tumefika kwenye utamaduni, sehemu ngumu zaidi. Mwitalia Antonio Gramsci, aliyetiwa gerezani na utawala wa Mussolini mwaka 1926, alijiuliza kwa nini wanyonge mara nyingi huukubali mpangilio unaowaumiza. Jibu lake lilikuwa kwamba watawala hawatumii rungu peke yake. Wanafanya mtazamo wao uonekane kuwa akili ya kawaida ya kila mtu. Hali hiyo huitwa hegemonia. Ukitaka mfano, lirudie swali la Kandara. Leo halihitaji kuulizwa na rais. Linaulizwa na shangazi kwenye arusi, na mwenye harambee anaposoma majina kuanzia mchango mkubwa, na tangazo la kamari kwenye simu ya mchumaji linalomwambia kwamba umaskini wake utaisha wikendi hii akibahatisha mechi sita. Umejifanyia nini? Kijana anajiuliza mwenyewe, na kwa kuwa jibu ni dogo, anajichukia badala ya kuuliza bei imepangwa na nani.

Hata hivyo utamaduni una upande wa pili. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijitabu cha kuuliza Kenya inaelekea wapi. Alifungwa miaka mitatu, na gerezani akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1977, huko Kamirithu, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga jukwaa kwa mikono yao na kuigiza maisha yao kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mchezo ule na kumweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Kilichoitia serikali hofu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuona watu wa kijijini wakijitazama wenyewe jukwaani na kuelewa. Na hapa kwetu, rika, ambalo lilimfanya kila kijana awe na ndugu ambao hakuzaliwa nao, ni hazina ya mshikamano. Sikwambii tuirudie gaaru, nyumba ya vijana wa kiume, kama ilivyokuwa. Iliwaacha nje dada zetu wote. Nakwambia uulize ni nini ndani yake kinachoweza kubebwa, na wachumaji wakiamua siku moja kupanga ujira wao kwa pamoja, waanzie kwenye uaminifu wa aina gani.

Kurasa zinazofuata zitaingia ndani zaidi ya ardhi, ujira, dola na sanaa. Usingoje uzimalize ndipo uanze. Chukua daftari, andika kwa Kiswahili au kwa Kimeru, maneno yaleyale ambayo watu huyatumia kazini. Waulize wafungaji bunda limeuzwa bei gani, na nani aliwaambia bei hiyo. Waulize wanawake wa nyumba ileile siku yao ilianza saa ngapi. Ukiwa Kangeta, nenda alfajiri, kabla pikapu hazijaondoka.